Jibu Moja Linatosha

Jumanne jioni, chini ya kanisa la matofali, Lowell,
mzee Thibodeau anatugawia maswali mia moja
na biskuti kavu zinazolia mdomoni kama changarawe.
Mimi hukaa karibu na bomba la joto.
Nimetoka kazini, vidole vinanuka klorini:
mashuka ya hospitali, mia nne kwa zamu,
kunja, kunja tena, weka.

Swali: Taja tatizo moja lililoleta vita
kati ya Kaskazini na Kusini.
Kitabu kinakubali majibu matatu:
utumwa; uchumi; haki za majimbo.
"Jibu moja linatosha," anasema mzee.
"Ukitaja yote matatu hawakuongezei alama."
Sophea Chhim anacheka, anaandika la kwanza.
Kijana wa nyuma anauliza lipi fupi zaidi.

Kalamu yangu imeganda.
Huyo uchumi namjua.
Hakulala mbali na mwenzake hata usiku mmoja;
walikula sahani moja, wakajifunika shuka moja,
na hizo haki za majimbo ndizo zilizowashikia taa.

Jumamosi nilivuka mfereji nikaingia kiwandani.
Siku hizi ni makumbusho.
Wanawasha mitambo michache ili wageni wasikie;
sakafu ilitetema hadi kwenye meno.
Ukutani, ramani ya nchi ikinenepa:
mwaka huu kipande, mwaka ule kipande,
hiki kimenunuliwa, hiki kimepiganiwa,
hiki hakikuandikwa kilikuwa cha nani.
Na kila ilikoelekea magharibi, pamba iliifuata,
na nyuma ya pamba, watu, wamefungwa wawili wawili.

Ndani ya kabati la kioo, jora moja la kitambaa,
cheupe kilichofifia, kigumu, chenye muhuri wa buluu,
na kijikaratasi: kiliuzwa hadi Unguja.
Nikasoma mara mbili. Nikaegemea kioo.
Mlinzi akakohoa.

Merikani.

Bibi yangu kule Uvira hakuijua nchi hii.
Ungemuuliza Merikani iko wapi
angefungua sanduku.
Alijiwekea sanda humo, na ole wake mjukuu
atakayeigusa na mikono yenye mawese.
Hata kilipofumwa Bombay, hata Japani,
jina halikubanduka.
Taifa hili alilipima kwa kiwiko na kidole:
mikono minane. Linamtosha mtu mmoja.

Na kabla yake, bibi wa bibi yake aliliona likipanda
kutoka pwani, vichwani mwa watu,
kwenda kununua pembe,
na pengine mbebaji wa pembe pia.

Nani aliichuma pamba hiyo?
Kijikaratasi kinataja kampuni, mwaka, uzito.
Wasichana wa hapa walioifuma wana picha, hata barua;
walimeza vumbi la nyuzi, madirisha yamefungwa,
waligoma mshahara ulipokatwa. Nawaheshimu.
Lakini yule wa Alabama hana hata kivuli.
Nikampa jina palepale, Zilpa,
maana kumwita "mchumaji" ni kumrudisha shambani.
Zilpa, vidole vyako vilichanwa na vikonyo.
Kitambaa chako kilimzika bibi yangu.
Sijui kama hili ni shukrani au ni deni.

Mwezi wa tatu nitaitwa Lawrence, mbele ya afisa.
Kati ya Marekani na merikani kuna irabu moja tu;
kwenye fomu nimeandika ya kwanza
kwa mkono unaoijua ya pili.
Sitamhutubia. Nina watoto watatu na kodi ya nyumba,
nami hiyo karatasi naitaka, sioni haya kuitaka.
Akiuliza, nitasema: utumwa.
Kisha nitanyamaza
kwa urefu wa mikono minane.